Shangazi wa Bwawani

Jina lake la kuzaliwa liliandikwa kwenye kitambulisho cha kazi, na huko ndiko lilikobaki. Hifadhi nzima, kuanzia mkata tiketi wa getini hadi Mhifadhi Mkuu, ilimwita Mama Ndoo. Hata mwanawe wa kumzaa, dereva wa malori ya safari ndefu, akipiga simu ofisini alisema, "Nipeni Mama Ndoo," na simu ikamfikia.

Aliajiriwa akiwa msichana, afagie sehemu ya kupumzikia wageni, kule kwenye meza za zege chini ya miti. Wageni wa hifadhi ni watu wa ajabu, na wala sisemi kwa chuki. Mtu analipa kiingilio, anabeba wanawe wote waje waone mazingira, kisha akiondoka anayaachia mazingira hayohayo maganda, chupa na nepi. Mama Ndoo alifagia, akanyamaza. Humohumo kazini akaolewa na askari wa wanyamapori, bwana mrefu mwenye maneno ya asali. Bwana akapelekwa doria ya muda katika hifadhi nyingine, akapata mke hukohuko, na doria hiyo haijaisha mpaka leo. Mama Ndoo akabaki na mtoto, chumba katika nyumba za wafanyakazi, na dada yake mkubwa, mjane, aliyekuja kumjulia hali akasahau kuondoka.

Kisha ukaja mwaka wa mafuriko. Mto ulivunja kingo, ukaingia hifadhini, ukamleta kiboko mchanga na kumwacha kwenye bwawa dogo lililo chini ya kilima. Maji yalipopungua, mto ulirudi kwake, yeye akabaki. Hapakuwa na mama, hapakuwa na kundi, na majani ya kando ya bwawa hayakumtosha hata kwa kifungua kinywa. Ikabidi atafutwe mtu wa kumkatia majani. Wanaume wote wa pale waligundua ghafla kwamba wanaumwa migongo. Kazi isiyo na mwenyewe huwa ya mwanamke, akapewa yeye, pamoja na mundu na ndoo ya bati.

Ndiye aliyempa kiboko jina la Shangazi. "Anakuja bila kualikwa," alikuwa akiwaeleza wageni, "anakula bila kushukuru, na akikasirika ukoo mzima unahama." Wageni walicheka kila mara, na yeye alicheka nao kana kwamba ndiyo kwanza anausikia mzaha huo. Kiboko alikua, akanenepa, akawa jitu la kutisha, lakini mlio wa ndoo aliujua. Mama Ndoo alisimama nyuma ya ukuta mfupi wa mawe, akagonga ndoo kwa mpini wa mundu, na kule majini yakaibuka masikio, kisha macho, kisha mgongo mzima ukija polepole kama mtu aliyeamshwa kwa lazima.

Wageni walikaa juu ya jukwaa la mbao lililojengwa upande wa pili. Walimwangalia Shangazi akila rundo la majani, halafu pumba na vipande vya maboga vilivyokuwa ndani ya ndoo. Vikiisha, Mama Ndoo alifudikiza ndoo na kuinyanyua juu ili waone haina kitu. Hapo jukwaa zima lilipiga makofi, na Shangazi, akisikia makofi, aligeuka akajitupa majini kwa kishindo hadi watoto waliokaa mbele wakaloa. Mwanzoni alikuwa akikimbia kwa kushtuka. Baadaye ikawa mazoea yake: ndoo maana yake njoo ule, makofi maana yake chakula kimekwisha, rudi majini. Familia zilirudi mwaka hadi mwaka kwa ajili ya kishindo hicho, wazazi wakiwaambia wanao, "Subirini afudikize ndoo." Na Mama Ndoo, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumsifu kwa kufagia, aliyahesabu makofi yale kuwa yake na Shangazi nusu kwa nusu. Nisimlaumu. Wewe na mimi tungefanya hivyohivyo.

Bwawa lile lilinyweshwa na chemchemi iliyotoka kilimani. Juu ya kilima zikaanza kujengwa nyumba, nyumba nzuri zenye bustani za nyasi, na kila mwenye nyumba akachimba kisima kirefu. Bandu bandu huisha gogo. Mwaka mmoja maji yalishuka ngazi moja ya jukwaa, mwaka uliofuata ngazi nyingine, na kiangazi kimoja chemchemi ikakauka kabisa. Mvua nazo zikawa za kubahatisha, zikija zinalowesha vumbi tu. Shangazi alibaki katika tope la rangi ya chai, mgongo nje, ngozi ikipasuka na kutoa damu. Mama Ndoo alivuta mpira wa maji kutoka kwenye vyoo vya wageni akammwagia mchana kutwa, mpaka wageni wakalalamika kwamba vyoo havina maji.

Alikwenda kwa Mhifadhi Mkuu. Mkuu alikuwa kijana kwake kwa umri, mtu mpole, mwenye kosa moja tu la kuamini kwamba jambo likishajadiliwa kikaoni limetendeka.

"Mkuu, yule mnyama anakufa."

"Tunalijua, Mama. Limo kwenye ajenda."

"Ajenda haina maji, Mkuu. Tuletee hata bowser mbili za maji kwa wiki."

"Bajeti, Mama. Bajeti imebana."

"Basi ahamishwe. Apelekwe kwenye hifadhi yenye mto. Hata kama sitamwona tena, ahamishwe."

Alisema hivyo siku hiyo, akarudia kesho yake, akarudia kila alipomwona Mkuu anashuka garini. Dada yake alimwonya. "Mdogo wangu, utafukuzwa kazi kwa ajili ya kiboko. Kiboko mwenyewe hata shukrani hana." Mama Ndoo alijibu kwamba hata yeye dada hakuwahi kushukuru na bado analishwa. Dada alinuna siku mbili. Lakini kelele zile zilizaa matunda, na matunda hayo ndiyo baadaye yaliyomkaa kooni: yeye ndiye aliyetaka Shangazi ahamishwe, si mtu mwingine.

Akaja daktari wa wanyama, mwanamke kijana asiyependa maneno mengi. Alilikagua bwawa kwa macho, akamweka Mama Ndoo kando.

"Mama, nikimchoma sindano ya usingizi akiwa hapa, atafanya nini?"

"Atakimbilia majini."

"Ndiyo. Atalala humo, pua chini, na atazama. Hata tope la goti linatosha. Kwa hiyo sindano sitaki. Nataka aingie kwenye sanduku kwa miguu yake. Wewe unaweza kumwingiza?"

"Nipe muda," alisema Mama Ndoo.

Likaletwa sanduku la vyuma, refu, lenye nondo upande wa mbele na mlango wa kudondoka upande wa nyuma, uliofungwa kwa kamba juu. Liliwekwa mbali na tope, kwenye tambarare. Na Mama Ndoo akaanza kazi ya maisha yake. Kila siku alisogeza rundo la majani kidogo kuelekea kwenye sanduku. Shangazi akija akiona chakula kimehama, alisimama, akapumua kwa hasira, akasogea. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wiki zikapita, wageni hawakuruhusiwa, jukwaa lilikuwa tupu. Shangazi akaweka kichwa ndani ya sanduku. Kisha mabega. Kisha siku moja akaingia mzima, akala hadi mwisho kwenye nondo, ambako Mama Ndoo alikuwa upande wa nje, karibu kiasi cha kuhisi joto la pumzi yake. Siku hizo za mazoezi ndoo haikufudikizwa, kwa sababu hakukuwa na wa kumwonyesha. Shangazi alikula, akatafuna, akasimama kidogo, kisha akatoka kinyumenyume kwa wakati wake.

"Keshokutwa," alisema daktari. "Akiingia mzima nitashusha mkono, askari ataachia kamba. Basi."

Mama Ndoo alirudi nyumbani akamwambia dada yake habari hiyo, kisha akalia. Alilia kwa furaha na kwa kuachwa, vyote pamoja, na dada, ambaye hakuwa mtu mbaya ila mdomo tu, alimpikia chai akamwekea sukari ya kutosha.

Siku ilipofika, Mama Ndoo alikuta jukwaa limejaa. Wazee, akina mama na watoto, walimu na wanafunzi, watu wa magazeti na makamera yao. Alimfuata Mkuu mbio.

"Mkuu, hawa wamefuata nini?"

"Mama, hawa ni marafiki wa hifadhi. Ndio waliochangia lori na winchi. Nitawafukuzaje? Wanataka kumuaga."

"Watamshtua!"

"Basi ongea nao. Wewe wanakuheshimu."

Akaenda akasimama mbele ya jukwaa, akaongea nao kama mama anavyoongea na wanawe mlangoni mwa msiba. Mtu asiseme. Mtu asisimame. Simu zizimwe. Mtoto anayelia anyonyeshwe, na asiyenyonya afumbwe mdomo na mama yake. Mwenye kikohozi aondoke sasa hivi. Walitii wote. Sijapata kusikia kundi kubwa la watu likinyamaza namna ile. Alikumbuka kila kelele ambayo binadamu anaweza kuitoa, isipokuwa moja, na hakuikumbuka hiyo kwa sababu moyoni mwake haikuwa kelele.

Aligonga ndoo. Shangazi akatoka topeni, mgongo umepauka, akapanda taratibu. Alisimama mbele ya sanduku, akapumua. Akaingiza kichwa. Mama Ndoo upande wa nondo alikuwa akimnong'oneza, "Njoo Shangazi, njoo mwanangu, njoo," akipitisha vipande vya maboga kimoja kimoja. Mabega yakaingia. Tumbo likaingia, likikwaruza vyuma. Mguu mmoja wa nyuma ukapanda. Daktari alikuwa ameinua mkono juu. Ulibaki mguu mmoja tu nje, na huo nao ulikwishaanza kunyanyuka.

Mama Ndoo akatoa kipande cha mwisho. Na mikono yake, bila kumuuliza, kwa vile jukwaa lilikuwa mbele ya macho yake na limejaa kama zamani, ikafudikiza ndoo na kuinyanyua juu.

Aliyeanza alikuwa mzee wa safu ya mbele, mtu aliyekuwa akija tangu wanawe wakiwa wadogo na sasa amekuja na wajukuu. Alipiga makofi huku machozi yanamtoka. Kisha wakapiga wote. Walifanya kile walichofundishwa, na Shangazi naye akafanya alichofundishwa. Alirudi kinyumenyume kwa nguvu zake zote. Askari alishtuka, akaachia kamba, na mlango ule wa chuma ukadondoka katikati ya mgongo wa Shangazi. Alipiga kelele ambayo Mama Ndoo hakuwahi kuisikia kwake. Akajivuta, chuma kikimchana hadi kwenye nyonga, akachomoka, akakimbilia topeni akiburuta mguu mmoja.

Jukwaani makofi yalikufa moja moja. Mtoto mmoja aliuliza kwa sauti, "Ndiyo imeisha?"

Shangazi hakutoka tena. Mama Ndoo aligonga ndoo asubuhi, akagonga mchana, akagonga jioni, akamtupia majani, akamtupia maboga mazima. Masikio yaligeuka kuelekea ndoo, kisha yakageuka pembeni. Alikwishaelewa kwamba kwenye ndoo kuna maumivu. Nzi walijaa kwenye kidonda, na upepo ukivuma harufu ilifika mpaka kwenye meza za wageni.

"Akikaa hivi atakufa kwa kidonda," alisema daktari. "Nikimchoma anaweza kuzama. Mama, mimi nachagua kujaribu."

"Jaribu, mwanangu," alisema Mama Ndoo. La kuvunda halina ubani, alilijua hilo, ila mtu atakaaje tu akiangalia?

Walijaribu. Wanaume walizunguka tope wakiwa na kamba na mbao. Sindano ikampata begani. Alikwenda hatua chache upande wa kina, kama daktari alivyosema, magoti yakakunjika, akalala. Kamba ya kwanza iliteleza. Ya pili ikashika, lakini winchi ilivuta tope tu. Mama Ndoo aliingia na gauni lake la kazi mpaka kiunoni, akafika kwenye kichwa, akaingiza mikono miwili chini ya kidevu na kunyanyua. Kichwa cha kiboko huwezi kukinyanyua, hata muwe wanaume sita. Akaisukuma ndoo chini ya taya iwe kama mto wa kulalia. Ndoo ikajaa tope, ikazama. Pua zilifunguka, zikajifumba, zikafunguka tena na kunyonya maji. Alimwita kwa jina lake. Aliendelea kumwita hata daktari alipomshika bega na kumwambia, "Mama, toka. Amekwenda."

Jioni hiyohiyo, akiwa bado na tope kwenye nywele, alimfuata daktari kwenye gari.

"Ni mimi," alisema. "Nilifudikiza ndoo."

"Ndoo gani, Mama?"

Akamweleza yote, tangu kishindo cha kwanza na watoto walioloa. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akasema watu walishangilia mapema, ndivyo watu walivyo, na askari aliharakisha kuachia kamba, na mnyama mwenyewe alikuwa amedhoofika. "Usijibebeshe, Mama." Akawasha gari.

Akaenda kwa Mkuu. Mkuu alimpa kiti, akaagiza soda, akamwambia kwamba kikaoni wamekubaliana hakuna wa kulaumiwa. "Ilikuwa ajali. Na wewe ndiye uliyejitoa kuliko wote, kila mtu ameona."

"Mkuu, nawaambia ni mimi."

"Mama, una majonzi. Chukua mapumziko."

Alimwambia dada yake. Dada, aliyekuwa na methali kwa kila tukio kama duka la rejareja, alisema maji yakimwagika hayazoleki, akamvua viatu na kumwosha miguu. Alimpigia simu mwanawe. Mwanawe alikuwa barabarani, mtandao unakatika. "Pole sana mama," alisema. "Si watawaletea mwingine?" Ulimwengu mzima ulikuwa umeshikana mikono kumwonea huruma. Angepata hata mtu mmoja wa kumfokea, wa kumwambia ndiyo, wewe umemuua, angemwangukia miguuni na kuomba radhi. Hakumpata. Aliyemkosea alikuwa amezikwa kwa tingatinga nyuma ya kilima, na huyo hata angekuwa hai asingemwelewa.

Mapumziko yalipokwisha aliomba arudishwe kufagia meza. Mkuu alishangaa, akakubali. Wageni wa zamani walimwona na ufagio wakaja kumpa mkono, wengine wakamletea picha walizopiga zamani, Shangazi kinywa wazi na yeye nyuma ya ukuta anacheka. Alizipokea kwa mikono miwili, akasema asante, akaendelea kufagia.

Mvua ilianza adhuhuri moja, kabla ya msimu wake, wakati udongo juu ya kaburi la Shangazi haujaota hata jani. Haikuwa ile ya kulowesha vumbi. Ilipiga mabati mpaka watu wa chumba kimoja hawasikilizani, ikaendelea kutwa, na kesho yake, na keshokutwa yake. Mto ulivunja kingo kama mwaka ule, maji yakaja kifua wazi kupitia hifadhini, yakateremka bwawani, yakafunika tope, yakapanda ngazi za jukwaa moja baada ya nyingine. Wafanyakazi walitoka nje wakilowana kwa raha kama watoto. Mkuu alisimama barazani kwa ofisi akicheka peke yake.

"Njoo uone!" dada aliita kutoka mlangoni. "Mdogo wangu, bwawa limejaa! Limefika pale pale pa zamani! Mwenyezi Mungu ametukumbuka jamani."

Mama Ndoo alikuwa ameketi kitandani. Kutoka hapo, dirishani, maji yalionekana, mapana, ya kina, yakitosha kiboko na ndugu zake wote. Kama angenyamaza. Kama asingemfuata Mkuu kila siku akiomba ahamishwe. Kama angeendelea kuiba maji ya vyooni kwa kipindi kidogo tu, watu wakalalamika wanavyotaka.

"Sikia maji yanavyoingia," alisema dada.

"Nasikia, dada," alisema, akainuka akafunga dirisha, na bado aliyasikia.